Karatasi za Ukoo na za Ofisi Kabla ya Kufika Chuo Kikuu: Ushauri kwa Wakaaji wa Uvira

Nyaraka zinazotunzwa katika hifadhi ya chuo kikuu ni za aina mbili kubwa, na yeyote anayefikiria kukabidhi sanduku la marehemu babake au makabati ya chama anachokiongoza hana budi kuzitofautisha tangu mwanzo. Aina ya kwanza ni nyaraka binafsi, yaani karatasi ambazo mtu au ukoo umezikusanya katika maisha yake: barua, shajara, madaftari ya hesabu, picha, vyeti, hotuba, kanda za sauti, hati za mashamba. Aina ya pili ni kumbukumbu za taasisi, yaani maandishi ambayo parokia, shule, hospitali, kiwanda au chama cha ushirika huyaandika katika kufanya kazi yake ya kila siku: rejista, mihutasari ya mikutano, barua zilizoingia na zilizotoka, orodha za mishahara. Za kwanza ni mali ya mtu na warithi wake. Za pili ni mali ya taasisi, hata kama kwa miaka mingi zimekaa chini ya kitanda cha katibu wake aliyestaafu, na katibu huyo hana haki ya kumpa mtu yeyote pasipo idhini ya taasisi yenyewe.

Katika mji wa Uvira, kuanzia Kavimvira mpakani mwa Burundi, kupitia mitaa kama Kilibula na Mulongwe, hadi Kalundu penye bandari, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu karatasi za mji huu zimepotea kwa awamu. Mei 1964 mji ulishikwa na wapiganaji wa uasi wa Simba. Oktoba 1996 ulipitiwa na vita vilivyomwondoa Mobutu madarakani mwaka uliofuata. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba kwa maelfu. Kila mara watu waliokimbia walibeba watoto, sufuria na vyeti vya shule, wakaacha yaliyobaki. Karatasi zilizookolewa nazo zimetawanyika: nyingine ziko Bujumbura, nyingine zilivuka ziwa hadi Kigoma na kambi ya Nyarugusu, na nyingine zimefika Marekani pamoja na familia zilizopewa makazi huko. Ni vigumu kutaja mji wa ukubwa huu unaohitaji zaidi kuweka maandishi yake mahali salama kabla ya msukosuko mwingine.

Anayedhani kwamba kumbukumbu za kawaida za ofisi hazina faida kwa yeyote atazame kilichofanywa kwa madaftari ya kituo cha kutibu kipindupindu cha Uvira. Wauguzi wa kituo hicho waliandika siku aliyoingia kila mgonjwa, ilhali Regideso, shirika la serikali la kugawa maji, liliweka kwa upande wake hesabu ya maji yaliyosukumwa mjini. Hakuna upande ulioandika kwa ajili ya wanazuoni. Watafiti wa chuo cha afya na tiba ya nchi za joto cha London pamoja na wenzao walipozilinganisha kumbukumbu hizo za miaka ya 2009 hadi 2014, walionyesha, katika makala iliyochapishwa mwaka 2015, kwamba siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la asilimia 155 la walioingizwa kituoni kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu, kuliko ilivyokuwa baada ya siku yenye maji ya kiwango bora. Hoja hiyo yenye nguvu kuhusu mabomba ya mji ilitoka katika mistari iliyojazwa kwa mkono, usiku na mchana, na watu waliokuwa na kazi nyingine ya haraka zaidi. Kama daftari la mwaka mmoja tu lingetumiwa kuwashia moto, hesabu hiyo ingekuwa na pengo lisilozibika.

Kanuni ya kwanza ya kazi ya uhifadhi, ambayo mwenye karatasi anapaswa kuishika kuliko nyingine zote, ni ya asili: karatasi zilizotoka kwa mtu mmoja au taasisi moja zisichanganywe na za mwingine, na zibaki katika mpangilio ule ule ambao mwenyewe alizipanga. Watu wengi wenye nia njema huvunja kanuni hii kabla mhifadhi hajafika. Hufungua sanduku la mzee, huchukua barua zote na kuzipanga kwa miaka, hutenga picha, hutoa bahasha na kuzitupa, kisha huona kwamba wamesaidia. Kumbe bahasha ndiyo yenye muhuri wa posta na tarehe, na risiti ya shamba iliyowekwa ndani ya Biblia pamoja na cheti cha ubatizo ilikuwa ikieleza ni shamba la nani na lilipatikana lini katika maisha ya ukoo. Karatasi ikitengwa na jirani zake hupoteza nusu ya ushahidi wake, kwa maana mahakama, mwanahistoria na mjukuu wote huuliza swali moja: ilitoka wapi, na ilikuwa pamoja na nini? Kwa hiyo inafaa sanduku lipigwe picha kama lilivyo, kila fungu lipewe namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, na pasiwepo kupanga upya kokote mpaka mtaalamu aone.

Kanuni hiyo huambatana na nyingine ya kutochuja mapema. Wenye karatasi hupenda kuokoa kile wanachokiona kikubwa, kama vile barua ya askofu au picha na gavana, na kuchoma madaftari ya likilemba, orodha za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kiliba, au hesabu za mwenye mtumbwi wa ndagala. Uzoefu wa hifadhi nyingi ni kinyume chake. Barua ya mkubwa kwa kawaida ina nakala katika ofisi yake. Daftari la mvuvi halina nakala popote duniani. Mfano ulio wazi umetoka Lubumbashi, ambako mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alikusanya kwa Kiswahili cha mji ule historia ya Elisabethville kama walivyoiona waliofua na kupika katika nyumba za Wazungu. Yalikuwa maandishi ya mashine yasiyo na mchapishaji. Yalisalimika kwa sababu nakala ilifika mikononi mwa wanazuoni, na Johannes Fabian akayachapisha mwaka 1990 huko Amsterdam pamoja na tafsiri na maelezo. Leo ni miongoni mwa maandishi machache sana ambamo wafanyakazi wa Kongo wanasimulia ukoloni wenyewe, kwa lugha yao. Karatasi za namna hiyo bila shaka zilikuwepo Uvira pia, na pengine bado zipo.

Kuhusu utunzaji wa karatasi zenyewe, mengi hayahitaji fedha. Sanduku liinuliwe juu ya sakafu, kwenye matofali au rafu, mbali na ukuta unaovuta maji. Liwe mahali pakavu pasipo na jua la moja kwa moja, na lifunguliwe mara kwa mara ili mchwa, panya na mende wagunduliwe mapema. Pini na vibanio vilivyoshika kutu vitolewe polepole na mahali pake pawekwe ukurasa mweupe uliokunjwa. Picha ziandikwe nyuma kwa penseli laini, si kwa biki, majina ya waliomo kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali na mwaka. Karatasi iliyolowa ikaushwe kivulini penye upepo, na kurasa zilizoshikana zisibanduliwe kwa nguvu. Kosa linalofanywa zaidi katika vibanda vya fotokopi mjini ni kuvifunika vyeti kwa plastiki ya moto: joto na gundi huingia ndani ya karatasi na haviwezi kutolewa tena bila kuiharibu. Mwenye cheti anayetaka kukilinda akiweke katika bahasha safi na atembee na fotokopi.

Ubora wa wino na karatasi nao si jambo dogo. Mwaka 1871 David Livingstone, akiwa Nyangwe katika Maniema bila karatasi ya kutosha, aliandika shajara yake juu ya gazeti la zamani kwa wino wa matunda ya mmea wa huko. Ni shajara ile ile aliyokuwa akiijaza wakati alipoona mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai, miezi michache kabla ya yeye na Stanley kufika kwenye mdomo wa Ruzizi, karibu na Uvira, na kuthibitisha kwamba mto huo unaingia ziwani badala ya kutoka. Wino ulififia kiasi cha kutosomeka, hata ilipofika mwaka 2011 ndipo timu ya wataalamu ilipoweza kuurudisha kwa kupiga picha kwa miale ya rangi mbalimbali za mwanga. Kazi kama hiyo hugharimu fedha nyingi, na daftari la diwani wa Kilibula halitaipata. Risiti na nakala zinazotoka kwenye mashine za karatasi ya joto, ambazo hupauka zenyewe baada ya miaka michache, zinapaswa kutolewa fotokopi mara moja.

Picha za simu husaidia, mradi zifanywe kwa utaratibu. Ukurasa mzima uonekane pamoja na pembe zake zote, kurasa zipigwe kwa mfuatano hata zile tupu, na kila fungu lianze kwa picha ya namba yake. Picha zikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na herufi ndogo hupotea. Zitumwe kama faili. Nakala mbili ziwekwe mahali tofauti, moja ikiwa kwa ndugu aliye mbali na ziwa. Hata hivyo picha haichukui nafasi ya karatasi ya asili, na asiwepo wa kuichoma karatasi kwa sababu imekwisha kupigwa picha.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni makabidhiano. Kwa miongo mingi karatasi za ukanda huu zimechukuliwa kwa maneno matupu: mtafiti alifika, akaahidi kurudisha, akaondoka. Wengi wao walikuwa watu waaminifu, na bila wao mengi yangeungua, lakini familia ilibaki bila hata mstari mmoja wa kuonyesha ilichotoa. Kwa hiyo isiruhusiwe karatasi kutoka nyumbani pasipo hati ya makabidhiano iliyotiwa sahihi na pande mbili. Hati hiyo ieleze kwanza kama ni zawadi, yaani umiliki unahamia chuo kikuu. Au amana, yaani chuo kinatunza tu na mwenyewe anaweza kudai. Au mkopo wa muda wa kutoa nakala. Ieleze idadi ya masanduku na namba za mafungu. Itamke ni nani atakayeruhusu uchapishaji, ni nakala ngapi zitarudishwa kwa familia na kwa muda gani, na vitu ambavyo hifadhi itaamua kutovihifadhi virudishwe kwa nani badala ya kutupwa. Mwisho itamke yatakayotokea chuo kikifungwa au kikiunganishwa na kingine, jambo ambalo nchini Kongo si la kubuni: Lovanium, kilichoanzishwa 1954, kiliingizwa mwaka 1971 katika chuo kikuu kimoja cha taifa, ambacho nacho kiligawanywa tena mwaka 1981 kuwa vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani.

Kuna haki mbili ambazo watu huzichanganya, na hati isiyozitenganisha huzaa ugomvi. Karatasi ya barua ni mali ya aliyeipokea, lakini maneno yaliyomo hubaki ya aliyeyaandika. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za mwandishi huyalinda maandishi mpaka miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi wake. Mjane anaweza basi kukipa chuo barua ambazo marehemu mumewe aliandikiwa na rafiki zake, ila hawezi kukiruhusu kuzichapisha kama warithi wa rafiki hao hawajakubali. Nyaraka za umma nazo zina njia yake. Rejista za mahakama, za raia, au za utawala wa Mwami haziwi zawadi ya mtu binafsi. Ziko chini ya sheria ya Julai 1978 inayosimamia nyaraka nchini, na aliyezikuta nyumbani baada ya vita afanye vyema kuzirudisha kwa ofisi inayohusika kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Linalofuata ni la usalama wa watu, na haifai kulipita haraka. Katika mji ambao mashamba, utawala wa kimila na kumbukumbu za vita bado vinagombewa, orodha ya majina inaweza kumdhuru mtu aliye hai. Orodha za waliojiunga na waasi mwaka 1964, faili za hospitali, barua zinazotaja madeni au watoto wa nje, mihutasari ya vikao vya kugombea ardhi: vyote hivyo vihifadhiwe, maana kuvichoma ni kuwanyima haki hata wale walioonewa, lakini vifungwe kwa muda. Njia iliyo salama ni kuandika mwaka kamili ambao fungu litafunguliwa, kwa mfano 2060, kwa kuwa maneno kama «baada ya muda wa kutosha» hutafsiriwa na kila mkuu wa hifadhi atakavyo. Familia isilazimike kufunga kila kitu. Kufunga fungu moja na kuacha mengine wazi ni desturi ya kawaida katika hifadhi zote zenye sifa nzuri.

Maandishi yaliyotunzwa vizuri hurudi siku isiyotazamiwa. Jimbo Katoliki la Uvira liliundwa Aprili 1962, na tarehe 28 Novemba 1964 Wamisionari watatu wa Kisaveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Padri Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi. Utaratibu wa Kanisa wa kumtangaza mtu kuwa mwenyeheri hudai maandishi yake yakusanywe na kusomwa pamoja na ushahidi wa waliomjua. Tarehe 18 Agosti 2024, karibu miaka 60 baadaye, wanne hao walitangazwa wenyeheri papa hapa Uvira. Shirika lao lilikuwa na mazoea ya kuweka barua na taarifa. Jumuiya nyingi za ziwani zilizopoteza watu katika miaka ile ile hazina hata orodha ya majina.

Mahali pa kukabidhi pachaguliwe kwa kupatembelea. Walioko Uvira kwa kawaida wataanza kuuliza Bukavu, katika Chuo Kikuu Rasmi, Chuo Kikuu Katoliki au Taasisi ya Juu ya Ualimu, na wale wenye kumbukumbu za uvuvi, hali ya hewa au maji ya ziwa watazungumza na kituo cha utafiti wa maji kilichopo Uvira penyewe. Maswali ya kuuliza ni ya kawaida: je, kuna chumba kinachofungwa? Kuna mtu anayelipwa kwa kazi hiyo? Kuna mwongozo wa mkusanyiko, yaani orodha iliyoandikwa inayoeleza kila sanduku lina nini na lilitoka kwa nani? Je, mtu wa kawaida asiye mwanafunzi anaruhusiwa kukaa mezani na kusoma? Chuo chenye jina kubwa kisichoweza kujibu maswali haya kisipewe karatasi za asili. Kipewe nakala tu.

Wanaotafuta, kwa upande wao, wajue kwamba karatasi huenda na jina la aliyezikusanya. Asiyepata kitu chini ya jina «Uvira» aulize majina ya watu. Benoît Verhaegen, aliyefundisha Lovanium, alichapisha mwaka 1966 juzuu la kwanza la kazi yake kuhusu maasi ya Kongo, ambamo uasi wa Uvira na Fizi una sehemu yake na hati nyingi zimenukuliwa nzima. Makusanyo ya René Lemarchand, mtaalamu wa siasa za Burundi, Rwanda na Kongo, yamo katika Chuo Kikuu cha Florida, alikofundisha. Karatasi za Herbert Weiss kuhusu vyama vya Kongo ziko katika Taasisi ya Hoover, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Stanford. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna karatasi za Hans Cory pamoja na miswada na kanda za Kiswahili zilizoorodheshwa na J. W. T. Allen katika kitabu cha mwaka 1970. Majina ya taasisi nayo hubadilika: anayetaka vipimo vya ziwa vya miaka ya 1950 aulize pia kwa jina la IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa 1947 na kuwa na makao yake Lwiro, ambayo kituo cha Uvira kilikuwa tawi lake. Barua ya kwanza kwa hifadhi ya mbali iwe fupi, iombe mwongozo wa mkusanyiko, kisha nakala za masanduku mawili au matatu yaliyotajwa kwa namba; maombi ya «kila kitu kuhusu Uvira» mara nyingi hujibiwa kwa kuchelewa au hayajibiwi kabisa.

Sharti moja lisiachwe katika hati yoyote, chuo kiwe Bukavu, Brussels au Florida: nakala ya mwongozo na nakala za karatasi zenyewe zirudi Uvira, ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa sekondari anaweza kufika kwa miguu. Wakuu wa parokia, wa makanisa, wa shule na wa vyama wanaombwa wasingoje mfadhili. Waitishe kikao, wamteue mtu mmoja, wampe daftari la kuandikia orodha ya yaliyomo kabatini, na waanze na kabati lililo karibu zaidi na mto.